TUSIFICHE JINA LA DAWA



Mwalimu anayeangalia gazeti letu alituomba tuandike juu ya kazi ya kapita wa internati ya wasichana. Tungeweza kuandika juu ya kengele ya asubuhi, maji ya kuoga, na wale wanaoficha makala chini ya vitanda ili wapike usiku. Lakini kuna jambo moja linatusumbua tangu mwezi wa 11 mwaka 2023, na hatutaki kumaliza masomo bila kulisema. Mwenye jambo ametupa ruhusa, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Tunasema "sisi" kwa sababu kosa halikuwa la mtu mmoja. Lakini anayeshika kalamu hii ndiye alikuwa wa kwanza katika kosa lile.

Mwenzetu anatoka Walikale, kwenye joto na mafuta ya mawese. Alipofika huku Masisi, kwenye baridi, tulimcheka juu alikuwa analala na makoti mawili. Alikuwa hodari wa hesabu. Ila kila mwezi, siku zake zilipofika, alikuwa mtu mwingine. Siku tatu ao nne alijikunja kitandani, akauma shuka ili asipige kelele, akatapika hata maji. Kwenda chooni kulimuumiza. Alipokosa interro, mwalimu aliandika sifuri, naye hakujitetea. Angesema nini mbele ya wavulana?

Kila mtu alikuwa na neno lake. Wengine walisema ni uvivu. Wengine walisema kuna mtu wa kwao aliyemfunga tumbo. Mama mmoja jirani alisema: "Huyo akizaa tu, itaisha." Mtoto wa miaka 16! Na sisi tulisema maneno ya kila siku: "Vumilia, ni mambo ya wanawake."

Katika likizo kubwa ya mwaka 2023 alikwenda kwa shangazi yake Goma, na shangazi akampeleka kwa daktari. Daktari alimuuliza maswali mengi, akamfanyia ekografi, akasema anadhani ni ugonjwa unaoitwa endometriozi. Alimweleza hivi: ndani ya mfuko wa uzazi kuna ngozi laini inayotoka pamoja na damu kila mwezi. Kwa wanawake wengine, ngozi inayofanana na ile inaota nje ya mfuko: kwenye mayai ya uzazi, kwenye matumbo, karibu na kibofu. Homoni za mwili zikiamuru damu itoke, ile ya nje nayo inasikia amri, lakini haina mlango wa kutokea. Panavimba, panauma, na baada ya muda viungo vinaweza kushikamana. Ekografi inaweza kukosa kuiona. Mara nyingine mpaka daktari aingize kamera ndogo tumboni ndipo ahakikishe.

Alisema pia kwamba haijapatikana dawa ya kuumaliza kabisa, lakini kuna za kuutuliza. Za kwanza ni za maumivu, kama ibuprofeni. Za pili ni za homoni, zinazozuia ile ngozi isikue. Akamwandikia sindano ya medroksiprogesteroni, miligramu 150, kila baada ya miezi 3. Wengi wetu tunaijua kwa jina la Depo-Provera. Na tunaijua kwa kazi moja tu: kuzuia mimba.

Alipigwa sindano ya kwanza kule kule Goma. Jioni ile mikono na tumbo vilimwasha, vipele vikatoka kama ameumwa na mbu. Shangazi alisema ni sabuni. Asubuhi vilikuwa vimekwisha, wakasahau. Na kweli, miezi ile dawa ilimsaidia. Mwezi wa 9 alirudi masomoni, kwa mara ya kwanza tukamwona anacheza mpira wa mikono.

Alituonyesha karatasi ya daktari. Wakati ule tulikuwa kapita msaidizi tu, lakini wadogo walituita "yaya" na kutuamini. Aliuliza: "Yaya, niipeleke kwa mama msimamizi?"

Tulisoma jina la dawa, tukaogopa. Tukamjibu: "Ficha. Wakiona hiyo watasema unazunguka na wanaume. Bwana Prefe ataita mzazi wako, na mzazi wako yuko Walikale. Ficha kabisa."

Akaificha ndani ya kitabu cha kemia. Hilo ndilo shauri letu, wapenzi wasomaji. Tulilitoa kwa upendo, na lilikaribia kumuua.

Mwezi wa 11 miezi mitatu ikatimia. Njia ya kwenda Goma kwa Sake ilikuwa na hofu wakati ule, na pesa hazikuwapo. Siku ya soko, siku ya posho, aliomba ruhusa ya kununua sabuni. Sisi peke yetu tulijua anakwenda kupigwa sindano kwa mwuzaji wa dawa. Mwuzaji hakumuuliza kama sindano ya kwanza ilimfanya nini. Hakumwambia akae kidogo angojee. Alimpiga, akapokea franka, akaita mteja mwingine.

Kutoka sokoni mpaka kwetu ni kupanda kilima, dakika 20 hivi. Alifika mlangoni anajikuna viganja. Alisema: "Yaya, mwili wote unaniwaka." Tuliona shingo imekuwa nyekundu, vipele vikubwa vimeshikana. Midomo ilianza kuvimba. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu aliyekabwa, na kifua kikalia kama filimbi. Alitaka kutapika. Sisi, kwa ujinga wetu, tulimsimamisha wima na kumtembeza kuelekea chooni. Hatua sita ao saba, akaanguka mikononi mwetu, macho juu, mikono baridi.

Wenzetu walipiga magoti, wakaanza kuomba kwa sauti kubwa. Wengine walikimbia kumwita mama msimamizi. Tulimbeba kwa blanketi mpaka kituo cha afya, ambacho kwa bahati kiko karibu na masomo. Mama mwuguzi alitupokea, akamlaza, akauliza haraka:

"Amekula nini?"

"Maharagi, mama, sawa na sisi wote."

"Ameumwa na nyuki? Amekunywa dawa?"

Tulikuwa sita kando ya kitanda kile. Watano hawakujua. Wa sita alijua, akanyamaza.

Mama mwuguzi aliuliza tena: "Nani anajua? Pumu anayo? Dawa yoyote, hata ya kienyeji?" Mama msimamizi alikuwa amefika, amesimama mlangoni. Tulimwangalia yeye, tukaangalia chini. Tulifikiri juu ya ile karatasi ndani ya kitabu cha kemia. Tulifikiri watatufukuza wote wawili. Mama mwuguzi alitafuta mshipa wa mkono, hakuusikia vizuri. Hatujui zilipita dakika ngapi. Zilikuwa chache, lakini kwa mtu asiyepumua hakuna dakika chache. Mwisho tulisema, tena kwa sauti ya chini kama mwizi: "Mama, amepigwa sindano sokoni. Ile ya miezi mitatu."

Mama mwuguzi hakutugombeza. Hakuuliza ana mwanaume gani. Alichukua kichupa kidogo cha adrenalini, akavuta nusu yake, akampiga katika paja, upande wa nje. Akaagiza miguu iinuliwe juu ya mto. Alingoja dakika 5, akaona bado, akapiga mara ya pili. Ndipo tukasikia kile kifua kinafunguka, na mwenzetu akafungua macho na kumwita mama yake kwa lugha ya kwao.

Alilala pale mpaka kesho yake. Sisi tulitaka arudi bwenini jioni juu tulimwona mzima. Mama mwuguzi alikataa: "Ugonjwa huu unaweza kuondoka mlangoni na kurudi dirishani. Na hiyo sindano ni ya miezi mitatu. Imekwisha kuingia, hakuna mtu wa kuivuta itoke. Nitamwangalia."

Siku zilizofuata tulirudi kwake na kaye na bic, tukamwomba atufundishe. Tunaandika hapa tulivyoelewa.

Mwili una askari wake wa kupigana na maadui. Alerji ni pale askari wanapomshambulia mgeni asiye adui: chakula, sumu ya nyuki, ao dawa inayowafaa watu wengine wote. Shambulio likishika mwili mzima kwa mara moja, linaitwa anafilaksia. Mishipa inalegea, damu inashindwa kurudi moyoni, njia za pumzi zinafungwa. Ndiyo maana haifai kumsimamisha mgonjwa. Alale chali, miguu juu. Kama pumzi inamsumbua sana, aachwe akae, lakini asisimame wala kutembea. Tulipomtembeza chooni tulikuwa tunamaliza damu kidogo iliyobaki kwenye moyo wake.

Neno lile anafilaksia lilitungwa na wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, mwaka 1902. Walikuwa wanawapa mbwa sumu kidogo ya mnyama wa baharini, wakitumaini mbwa watazoea. Walipowarudilia baada ya wiki chache kwa kipimo kidogo tu, mbwa waliokuwa wazima walianguka na kufa kwa dakika chache. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Tuliposoma habari hii tulikumbuka vipele vya Goma. Mara ya kwanza mwili ulikuwa umetoa onyo, na onyo likaitwa sabuni.

Tulimuuliza mama mwuguzi: "Basi ile sindano ni mbaya?" Alisema hapana. Wanawake mamilioni wanaitumia bila tatizo kama hili, na wapo wanaoumwa endometriozi ambao imewapa maisha. Ila pale penye watu wengi, kuna wachache ambao mwili wao unaikataa, na hao wakiipata tena wanaweza kufa. Lawama si ya dawa peke yake. Lawama ni kuipiga bila kuuliza, bila kungojea, na bila adrenalini karibu.

Baadaye mwenzetu alimwona daktari mwingine. Huyo alimweleza kwamba haijulikani bado mwili wake umekataa kitu gani: pengine homoni yenyewe, pengine vitu vilivyochanganywa ndani ya kichupa, kama makrogoli na polisorbeti, ambavyo vinapatikana pia katika dawa nyingine. Kuna vipimo vya kutafuta hayo, lakini haviko karibu na sisi. Kwa hiyo dawa zote za jamaa ile amekatazwa kwa sasa, mpaka mtaalamu aseme. Amebaki na ibuprofeni baada ya kula, chupa ya maji ya moto juu ya tumbo, na tumaini la kupasuliwa siku moja kama pesa na njia vitapatikana. Tusidanganyane: maumivu yake hayajaisha. Mwezi uliopita tulimbebea tena chakula kitandani.

Daktari alimkosoa jambo moja. Mwenzetu alikuwa ameanza kusema: "Sindano zinanikataa." Daktari akamwambia: "Usiseme hivyo hata siku moja. Ukishikwa na malaria kali utahitaji artesunati, na mwuguzi ataogopa kukupiga juu ya neno lako. Taja dawa ileile kwa jina lake." Akamwandikia kwenye fishi ya hospitali, kwa wino mwekundu.

Na maneno ya watu? Yalikuja, kama tulivyoogopa. Wiki moja nzima wavulana waliimba wimbo wa upumbavu alipopita. Lakini Bwana Prefe hakumfukuza. Alimwita mbele ya mama msimamizi, akasoma karatasi ya daktari mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mbona hukutuletea hii mwezi wa 9?" Mwenzetu hakututaja. Sisi tulikuwa nyuma ya mlango, tukasikia. Ile siku ndiyo tulijifunza aibu ya kweli ni ipi.

Baada ya hapo jambo lingine lilitushangaza. Wasichana wanne wa bweni letu walikuja usiku, mmoja mmoja, kusema na wao wanaumwa hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tunalala pamoja na hatukujua! Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu mwanamke ao msichana 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana endometriozi, yaani kama milioni 190 duniani. Si kila maumivu ya mwezi ni ugonjwa huo. Lakini maumivu yanayokuzuia kusoma kila mwezi si ya kuvumilia tu. Ni ya kupeleka kwa munganga.

Huko Kenya kulikuwa na mtangazaji mmoja, Njambi Koikai. Kwake ugonjwa ulifika mpaka kifuani na pafu likaanguka mara nyingi. Mwaka 2018 alikwenda kutibiwa Atlanta, Marekani. Aliporudi aliendelea kusema waziwazi juu ya hedhi na endometriozi, redioni na popote walipomsikiliza, mpaka alipofariki tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 2024. Alikuwa mtu mkubwa wa kujulikana, akasema bila haya. Sisi, wanafunzi wa mlimani, tulishindwa kusema neno moja mbele ya kitanda.

Tunamaliza na habari ya mwaka 2025. Mnajua wote yaliyotupata mwezi wa kwanza, vita ilipofika Masisi na masomo yakafungwa. Mwenzetu alikwenda kwao. Mwezi wa 3 vita ikafika Walikale pia, na familia yake ikakimbilia msituni. Walichukua sufuria, chumvi na mtoto mdogo. Fishi yenye wino mwekundu ilibaki nyumbani, na waliporudi hawakuikuta.

Kule mafichoni siku zake zilimkuta, akaumwa vibaya sana. Wakampeleka kwenye kituo kidogo. Mwuguzi wa pale, mtu mwema, aliuliza historia yake, akasema: "Endometriozi? Basi tuna sindano nzuri ya kukutuliza." Akafungua sanduku. Mwenzetu, aliyekuwa hata kuketi hawezi, akasema: "Baba, hiyo ni medroksiprogesteroni? Hapana. Mwezi wa 11 mwaka 2023 ilitaka kuniua. Walinipa adrenalini mara mbili." Yule mwuguzi akafunga sanduku, akampa mkono, akamshukuru.

Tulimuuliza amewezaje kukumbuka jina refu vile, katika maumivu yale. Alicheka: "Nililisoma sawasawa na kanuni ya kemia. Si ndiko mlikoniambia nilifiche?"

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, tunaomba mambo manne:

1. Kila mwanafunzi ajue kwa kichwa jina la dawa iliyowahi kumfanyia vibaya, hata kama ilikuwa vipele tu. Karatasi inapotea katika kukimbia, kichwa tunakimbia nacho.

2. Ukipigwa sindano, usiondoke mara moja. Kaa nusu saa mahali penye mwuguzi. Na mahali pasipo na adrenalini, tuogope kupiga sindano.

3. Mwenzako akivimba midomo, akikosa pumzi ao akizimia baada ya dawa, mlaze, mwite mwuguzi, na useme yote unayojua. Kuomba ni vema; kuomba huku tunaficha si vema.

4. Wavulana, ndugu zetu, acheni zile nyimbo. Dada akiogopa kicheko chenu, ataificha dawa yake.

Tumemwomba Bwana Prefe na mama msimamizi waweke kaye moja ya afya katika kila bweni, yenye majina ya dawa ambazo kila mmoja anakatazwa, na kapita awe na ufunguo. Wamekubali. Jina la kwanza limekwisha kuandikwa. Mwenyewe ndiye aliyeliandika, kwa herufi kubwa, na dawa yake kando.

Sisi mwaka huu tunakwenda kwenye Examen d'État, na kaye hiyo tutamwachia kapita atakayetufuata. Tunamwomba akiulizwa na mwuguzi asingojee kuulizwa mara ya pili.

Kapita wa internati ya wasichana, mwaka wa mwisho.